Fundi wa Kamalondo aliyesoma umri wa kinga ya kambo wangu

Ukiwa na baiskeli ya zamani ambayo wazee wanasema ilikuwa na spidi mbili, lakini wewe huoni waya wa gia wala kishikio cha kubadilishia, usiipeleke kwa wanunuzi wa vyuma bado. Mimi nilibakiza siku moja tu niipeleke.

Kinga hiyo, ndivyo tunavyoita baiskeli hapa Lubumbashi, ilikuwa ya kambo wangu, yaani babu yangu, kisha ikawa ya baba. Kwetu Katuba nimekua nikisikia kwamba kambo aliinunua kabla ya uhuru, mji ukiwa bado Elisabethville. Baba alipofariki niliikuta imeegemezwa nyuma ya jiko, matairi yameoza, madigadi ya nyuma yamepinda, fremu nyeusi ingali imara.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliitafuta waya ya gia, hakuiona, akaniambia spidi ya pili ilishang'olewa zamani. Akashindilia grisi nzito ndani ya kitovu cha nyuma, ile sehemu ya katikati ya gurudumu inayoshika spoki, akachukua pesa yake. Kibaya zaidi ni ule mkono wa breki, kipande bapa cha chuma kinachotoka kwenye ekseli na kufungwa kwenye fremu. Aliuacha hauna kifungo. Siku ya pili, karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, nilikanyaga pedeli kinyumenyume ili nisimame. Mkono ukazunguka, ukaingia kwenye spoki, nikaanguka upande wa mchanga. Ingekuwa upande wa magari nisingeandika haya. Kama baiskeli yako ina breki ya kukanyaga nyuma, gusa kile kifungo kwa kidole kila mara kabla ya kupanda.

Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mmoja wa Kamalondo. Hana kibao wala duka, ana mwembe, benchi na masanduku mawili ya spana. Huduma yake ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Aliipindua kinga, magurudumu juu, akachovya brashi kwenye mafuta ya taa, akaanza kusugua. Hakugusa spana hata moja kwa karibu nusu saa. Kwenye mkono wa breki yakatokea maneno Fichtel & Sachs, chini yake W. Germany. Kwenye kitovu chenyewe: Torpedo Duomatic. Akaniita, "Mama, njoo usome. Hii haikuwahi kuwa na waya."

Akanieleza, nami nimeelewa hivi. Ndani ya kitovu kuna gia ndogo zinazozunguka gia moja ya katikati. Ukirudisha pedeli nyuma kidogo tu, utaratibu wa ndani unahama na spidi inabadilika. Ukirudisha kwa nguvu, unafunga breki. Kwa hiyo mguu ndio unaofanya kazi ya mkono. Spidi ya kwanza, gurudumu linakwenda sawa na gia ya mnyororo. Ya pili linazunguka kwa asilimia 36 zaidi. Kilichokwama kwetu ni grisi iliyoganda: vile vikucha vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba vilikuwa vimelala ndani ya uji mweusi na haviwezi kuinuka. Vikucha vinataka mafuta mepesi. Grisi ni ya gololi.

Kuhusu umri, furaha yangu ilizimika kwanza. Duomatic ni kitovu cha miaka ya 1960, kilitoka baada ya uhuru wetu wa 1960. Na maneno W. Germany yanakuonyesha kwamba ni kabla ya 1990, Ujerumani mbili zilipoungana. Basi hadithi ya kambo ilikuwa ya uongo? Nilikaa kimya, na nadhani mzee aliona uso wangu, kwa sababu alisema tuhesabu spoki kwanza.

Nyuma tulipata 36. Mbele 32. Nilihesabu mara mbili, nikiweka kidole kwenye tundu la pampu nisipotee njiani. Akasema baiskeli za Kiingereza za zamani hubeba 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kwenye mzigo. Za nchi nyingine za Ulaya mara nyingi ni 36 na 36. Kinga yetu ilikuwa na mbele ya Kiingereza na nyuma ya Kijerumani. Gurudumu la nyuma lilikuja baadaye, likitoka kwenye baiskeli nyingine.

Kisha akasugua kitovu cha mbele, kile kinene kama kopo ambacho sisi watoto tulikipiga kwa vijiti. Kumbe ni dainamo, mashine ndogo ya kutoa umeme wa taa, ya Sturmey-Archer, kiwanda cha Nottingham, Uingereza, aina ya GH6, ya volti 6, iliyojengwa ndani ya kitovu chenyewe. Juu ya ganda lake kuna namba zimegongwa kwenye chuma: 56, na pembeni 4. Kiwanda hicho kiligonga mwaka na mwezi. Aprili 1956. Niliipitisha ncha ya kucha kwenye ile 6 mpaka nikaamini.

Hapa ndipo nilipomheshimu kabisa. Nilimwomba aifungue dainamo aisafishe ndani, nitamlipa zaidi. Alikataa. Sumaku ya vitovu hivi ikitenganishwa na koili yake bila chuma cha kuishikilia, nguvu yake inapungua, na taa haitawaka tena kama zamani. Alitia mafuta kwenye gololi za pembeni, akaishia hapo. Fundi anayeikataa pesa yako kwa sababu ya kazi yako mwenyewe, mshike.

Kwa wanaotafuta vitovu kama hivi: Sturmey-Archer wa spidi tatu, AW, nao huwa na mwaka kwenye ganda, kwa hiyo safisha kabla ya kubishana. Ukikuta spidi mbili yenye maandishi S2C, hiyo pia inabadilika kwa pedeli na ina jina lile lile la Sturmey-Archer, lakini ni ya karne hii. Kampuni ilishakwenda kwa SunRace ya Taiwan mwaka 2000. Za Bendix za Marekani hujulikana kwa mistari ya rangi kwenye ganda, nyekundu, njano au buluu. Na tarehe ya kitovu ni tarehe ya kitovu. Fremu ina historia yake.

Malalamiko ninayo. Alisema siku tatu, zikawa kumi na sita. Hatoi risiti. Kifungo cha mkono wa breki alikitengeneza kwa bati la unene mzuri, kinashika barabara, ila kimechubua rangi ya fremu na hakuniuliza. Nililipa dola 20, na kwa kazi ile sioni ni nyingi.

Sasa naipanda kila asubuhi. Kwenye tambarare ya kuelekea Ruashi nagusa nyuma kidogo, nasikia "tk", na miguu inapumzika huku kinga ikikimbia. Kuna jambo la kuzoea: ukisimama na kurudisha pedeli upate pa kuanzia, spidi inahama bila wewe kutaka, na ukiwa na mzigo unaondoka kwa shida. Gusa tena, itarudi.

Jumapili nilimpelekea mama habari ya spoki. Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema gurudumu la nyuma lilivunjika baba akiwa amepakia mifuko miwili ya unga, akaenda kununua lingine pale pale soko la Kenya, na kwa miezi alilalamika kwamba gurudumu jipya lina pepo, linakuwa jepesi na zito lenyewe. Hakuna aliyemwambia kuhusu mguu.