Mkate na friti karibu na soko la Virunga: birayi ndiyo mboga

Hakuna kibao. Ukiliacha soko la Virunga, hapa Goma, mgongoni, ukapita wauza mitumba na kijana anayechaji simu, utaona mwavuli uliopauka na mbabula mbili, yaani majiko ya makaa, kila moja ina sufuria ya mafuta juu yake. Sufuria mbili. Hizo ndizo za kutazama kabla hujauliza bei.

Mimi ni fundi wa moto, yaani pikipiki. Gereji yangu iko mwendo wa dakika tano kutoka hapo, na tangu mwezi wa tatu nakula kwa mama anayepika hapo mara tatu kwa juma. Naagiza kitu kilekile: nusu ya mkate mrefu, friti ndani (chipsi za birayi, yaani viazi ulaya), kipande cha fromaji (jibini) ya Masisi, kabichi, kitunguu, pilipili. Elfu tatu na mia tano za franka. Ukitaka na yai la kukaanga, unaongeza kidogo.

Mama yangu mzazi alikulia upande wa Rutshuru. Siku niliyompelekea mkate huu aliufunua, akaangalia ndani, akaniuliza: "Mukate na birayi? Sasa mboga iko wapi?"

Swali lake ni la haki, na watu wengi wa Goma wanaliuliza. Sisi chakula chetu kina sehemu mbili. Kuna bugali, halafu kuna kinachoshusha bugali: sombe, lengalenga, sambaza, maharage. Mtu akikupa mkate uliojaa viazi, unaona kama amekupa bugali kwa bugali. Hapo ndipo mikate mingi ya friti hapa mjini inapoharibika, kwa sababu wauzaji wenyewe wanafikiri hivyo hivyo. Friti kwao ni kitu cha kujaza nafasi ili nyama ionekane nyingi. Wanazitia zimeshapoa, hazina chumvi, halafu wanaficha kosa kwa mayonezi.

Huyu mama anazipika friti kama mboga. Katika mkate wake zina chumvi, zina mafuta ya kutosha kuulainisha mkate kwa ndani, na zina ladha ya udongo zilikotoka. Ukiziondoa, kinachobaki hakina maana.

Nilifanya kazi miaka saba Cape Town, kwenye gereji ya Parow, na huko ndiko nilikojifunza kwamba jambo hili si la aibu. Wana mkate wao unaoitwa Gatsby. Wenyewe wanasimulia kwamba ulianzia Athlone, mtaa wa huko, mwaka 1976, kwa Rashaad Pandy, mwenye duka la samaki. Alikuwa na vibarua wa kulisha, akachukua alichokuwa nacho: mkate wa Kireno wa mviringo, chipsi, poloni (aina ya soseji) na achari, akaukata vipande vinne. Siku hizi ni mkate mrefu kama mkono wa mtu mzima, na mpaka leo hununui peke yako. Sisi tulikuwa wanne kwenye gereji, Wakongo wawili, Mmalawi na mwenyeji mmoja wa Mitchells Plain. Ijumaa tulichanga, mmoja akatumwa, na kila mtu alipata robo yake. Chipsi za kule ni laini, zimelowa siki, nao wanazipenda hivyo. Mimi sikuzizoea. Lakini nilielewa kwamba mkate wa friti ni chakula cha watu wanaofanya kazi kwa mikono, na mtu wa namna hiyo anastahili kupikiwa vizuri.

Ubelgiji wanao wa kwao. Ndugu yangu mkubwa anayeishi Liège anasema ni bageti, nyama, friti juu yake, sosi juu ya friti, na wanauita mitraillette, yaani bunduki rashasha. Sisi wa Goma tusingeita chakula jina hilo. Na huko Pittsburgh, Marekani, duka la Primanti linauza mkate wenye friti na kabichi ndani tangu mwaka 1933. Inasimuliwa kwamba lilianza na madereva wa malori na wapakiaji mizigo wa sokoni, waliohitaji chakula cha kushika kwa mkono mmoja. Nilipoisikia habari ya ile kabichi nilimfikiria mama wa Virunga. Hajawahi kufika Pittsburgh, wala hakuna aliyemwambia, lakini ameona mwenyewe kwamba friti za moto zinataka kitu kibichi, chenye ndimu, cha kuzikata.

Sasa sufuria mbili. Birayi vinakatwa vinene kama kidole cha shahada, vinaoshwa mpaka maji yaache kuwa meupe, vinakaushwa kwa kitambaa. Sufuria ya kwanza ina moto wa wastani. Humo vinaiva kwa ndani bila kubadilika rangi, kisha anavitoa na kuvipumzisha kwenye kichujio. Mteja akifika, ndipo vinaingia sufuria ya pili, yenye moto mkali, kwa dakika mbili au tatu, mpaka vivae ganda. Ndivyo Wabelgiji wanavyokaanga pia. Anayekaanga mara moja kwa moto mkali anapata rangi nzuri nje na ubichi katikati. Anayekaanga mara moja kwa moto mdogo anapata sponji iliyokunywa mafuta, na sponji hiyo ikiingia kwenye mkate inauvunja kabla hujafika nusu.

Nikiwa na haraka huwa namsukuma kidogo. Ananijibu, "Papa fundi, ngoja, bado ya pili." Nangoja.

Birayi vyenyewe ni vya Kibumba. Vinateremka na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, asubuhi kwenye barabara ya Rutshuru, magunia yamefungwa kwa kamba za mpira, kabichi juu yake. Kule kuna baridi na ukungu, na udongo ni ule mweusi wa volkeno, na kiazi chake kikikaangwa kinakuwa kikavu na cha unga ndani. Nimemwona akivunja kimoja mkononi mbele ya muuzaji na kukataa gunia zima kwa sababu vilichimbwa kabla ya kukomaa, vina maji. Siku hiyo hakupika friti. Aliuza mkate na avoka, na wateja kadhaa waliondoka wamekasirika. Mimi nilimheshimu zaidi.

Fromaji ni ya Masisi, ile ya gurudumu dogo lenye ngozi ya manjano. Anaikata nyembamba na kuiweka chini kabisa, halafu friti zinamwagwa juu yake zikitoka kwenye mafuta, ndipo inapoyeyuka na kushikamana na mkate. Tatizo la fromaji ni barabara. Sake, mji ulio njiani kwenda Masisi, ikifungwa, Masisi inakuwa mbali kuliko Kampala, na nimeshuhudia majuma ambayo haikupatikana kabisa, au ilipatikana kwa bei ambayo hakuna anayekula barabarani angeilipa. Majuma hayo alitia yai badala yake na kupunguza bei bila kuombwa.

Mkate ni wa kawaida, laini, wenye sukari kidogo kama mikate yetu mingi. Anaupasua na kuulaza kifudifudi juu ya kifuniko cha sufuria mpaka upate alama za kahawia. Bila hatua hiyo ungelowa.

Kwa kulinganisha: mwezi wa sita mteja wangu mmoja alinialika kwenye mkahawa mmoja ulioko kando ya ziwa. Kwenye menyu kulikuwa na sandwichi ya nyama na friti kwa dola kumi na mbili. Zilikuja friti nyembamba za kugandishwa, za kutoka nje, zote za urefu mmoja, hazina ladha ya kitu. Kilomita thelathini hivi kutoka mahali panapolimwa birayi kama vile vya Kibumba, mtu anafungua mfuko wa plastiki kutoka kwenye friza! Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Mama wa Virunga naye ana kasoro zake. Mayonezi inakaa nje mchana kutwa. Jua likiwa kali mimi siichukui, na nakushauri nawe usiichukue. Mafuta ya sufuria ya pili, kufikia Jumamosi jioni, yameshakuwa meusi na friti zinachukua uchungu. Nimemwambia, akasema bei ya bido (dumu) la mafuta imepanda, na najua ni kweli, lakini uchungu unabaki kuwa uchungu. Kubwa kuliko yote ni karatasi. Anafungia mkate kwenye kurasa za madaftari ya shule, na wino wa kalamu unahamia kwenye mkate pale mafuta yanapopenya. Fundi mwenye mikono ya mafuta ya injini anahitaji kitu cha kuushikia, lakini si hesabu za mtoto wa darasa la nne.

Nenda kati ya saa sita na saa nane, Jumatatu hadi Alhamisi, wakati mafuta bado ni mapya. Omba pilipili ya kusaga, ile ya chupa achana nayo. Nenda na noti ndogo ndogo, maana chenji hana. Na ubebe bakuli lako la kufunika. Mimi langu ni la kijani, sasa analijua, ananipokea nalo kabla sijasema neno.