Mizani ya kidijitali ya watoto wachanga: uzoefu wangu Micheweni

Mimi ni mkunga kwenye kituo cha afya cha shamba, wilaya ya Micheweni, Pemba. Mizani hii ya kumlaza mtoto, inayosoma gramu kumi kumi, naitumia kituoni na pia naitia mkobani nikienda majumbani. Naipendekeza kwa moyo wote.

Zamani tulikuwa na ile ya mshale, ya kuning'iniza. Mtoto analia, mshale unachezacheza, mwisho mtu anaandika namba ya karibu. Fungua daftari la zamani la uzazi uone: 2.5, 3.0, 3.0, 2.5, 3.5. Watoto hawazaliwi hivyo! Ubaya wenyewe uko kwenye hiyo 2.5, maana kwa Shirika la Afya Duniani mtoto wa chini ya gramu 2,500 ndiye mwenye uzito pungufu. Wa 2,430 akiandikwa 2.5 ametoka kwenye hesabu, na mama yake anaruhusiwa kama kawaida.

Juzi bibi mmoja alinikatalia kabisa kwamba mjukuu wake ana uzito pungufu. "Mwanangu, mbona huyu mzima tu? Babaake alikuwa mdogo kuliko hivi." Nikamwambia, "Bibi, njoo uangalie mwenyewe." Akasoma 2,310. Akanyamaza, kisha yeye ndiye aliyeshika kanga akamfunga mjukuu kifuani kwa mamaake, ngozi kwa ngozi.

Sasa masharti yake. Tandika kanga kwanza, bonyeza sifuri, ndipo umlaze mtoto. Iweke kwenye sakafu iliyo sawa. Juu ya godoro inadanganya. Kila asubuhi naipandishia jiwe la kilo 2, isiposoma 2,000 siitumii. Betri za akiba ni lazima, na hewa yetu ya chumvi inashika kutu pale zinapokaa, kwa hiyo pafute.

Ukimfikia aliyezaliwa nyumbani siku ya tatu, jua ameshapungua, pengine hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Andika siku na saa ya kupima, usiandike kilo peke yake. Mizani pia haikwambii kama mtoto ni njiti, yaani hajatimiza wiki 37, au ametimiza ila ni mdogo. Hapo nahesabu na mama kwa miezi yetu ya Kiislamu, ile ya Mfunguo inayohesabiwa baada ya Ramadhani: "Mara ya mwisho niliona damu mwanzo wa Mfunguo Tatu." Nachukua kalenda tunahesabu pamoja. Akiwa alipigwa picha ya tumbo (ultrasound) mapema, hiyo ndiyo bora zaidi.

Na wakunga wenzangu, nakuombeni: mtoto aliyezaliwa amekufa naye tumpime. Kuanzia wiki 28 anahesabika kwenye takwimu za kimataifa. Tusipoandika uzito wake na hali ya ngozi yake, kama imeshaanza kuchubuka au bado nzima, hatutakuwa na pa kuanzia kuuliza kama alifia tumboni siku za nyuma, au alikuja kituoni akiwa hai akafa wakati wa uchungu, sisi tupo.