Vitabu vya Zen wanavyopendekezewa Wazungu: uzoefu wangu wa kuvisoma

Ukiingia duka lolote kubwa la vitabu hapa London ukaenda kwenye rafu ya dini za Asia, utakuta vitabu vilevile ambavyo Wazungu wamekuwa wakipendekezeana tangu miaka ya 1950 na 1960. Nimevisoma vile vinavyotajwa zaidi, na vingine nimevirudia. Wenzangu kazini, hospitalini, walikuwa wakiniona navyo saa ya chakula, na siku hizi wananiuliza waanze na kipi. Huwa nawaambia wasianze na kitabu cha Zen, yaani lile tawi la Ubudha lililokulia China na Japani, ambalo kazi yake kubwa ni kukaa kimya na kutafakari. Waanze na "What the Buddha Taught" cha Walpola Rahula, ndipo waje kwenye Zen.

Rahula alikuwa mtawa wa Kibudha kutoka Sri Lanka. Kitabu alikiandika akiwa Paris, kikatoka mwaka 1959, na mwaka 1964 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Hambembelezi msomaji. Sura ya kwanza inahusu namna ya kufikiri, na humo utawakuta Wakalama, watu wa Kesaputta, waliochoshwa na wahubiri waliokuwa wakipita kwao, kila mmoja akisifu mafundisho yake na kuponda ya wenzake. Wakamuuliza Budha wamwamini nani. Akawaambia ni haki yao kuwa na shaka. Wasikubali jambo kwa sababu limevuma, au limeandikwa, au limesemwa na mwalimu wao. Wakishajua wenyewe kwamba jambo lina madhara waliache, na wakijua lina manufaa walishike. Baada yao anakuja Malunkyaputta, mtawa aliyetishia kuondoka asipojibiwa kama dunia ina mwisho au haina. Budha alimjibu kwa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, naye anakataa usichomolewe mpaka aambiwe aliyempiga ni wa ukoo gani, ni mrefu au mfupi, na upinde wake ni wa aina gani. Mtu huyo atakufa kabla hajapata majibu.

Lakini kurasa ninazozipenda kuliko zote ziko sura ya mwisho, kwenye habari za Sigala. Kijana huyu alikuwa akisujudia pande sita za dunia, kwa sababu baba yake alimwachia wasia huo alipokuwa akikata roho. Budha hakumkebehi. Alimwambia pande anazotakiwa kuziheshimu ni hizi: mashariki ni wazazi, kusini ni walimu, magharibi ni mke na watoto, kaskazini ni ndugu na marafiki, chini ni watumishi, juu ni watu wa dini. Kisha anaingia kwenye haki za kila upande, moja baada ya nyingine. Tajiri ampe mfanyakazi kazi inayolingana na nguvu zake, amlipe ujira unaostahili, amtibu akiugua. Mume amheshimu mkewe, awe mwaminifu kwake, na amnunulie mapambo. Ndiyo, mapambo yametajwa. Msomaji aliyelelewa kwa Waswahili, ambako mtoto hufundwa adabu kabla hajajua kusoma, atajiona yuko nyumbani kabisa.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Wazungu wengi ninaowafahamu waliingia Zen kwa kufuata utulivu na zile hadithi fupi za kushangaza. Wakaona Ubudha ni mtu mmoja, mto wa kukalia, na kimya. Mambo ya wazazi, ujira, kusema kweli, kutoiba na kutoua hawakukutana nayo, kwa kuwa vitabu vya Zen huyagusa kidogo sana. Na vina sababu. Mtawa wa Japani aliyekuwa akifundisha Zen alikuwa akizungumza na watu waliozaliwa ndani ya Ubudha, wenye maadili hayo tangu utotoni. Hakuona haja ya kurudia. Maneno yaleyale yakipelekwa London au San Francisco yanamfikia mtu ambaye hajawahi kusikia hata zile kweli nne za Budha kuhusu mateso, chanzo chake, kukoma kwake, na njia ya kuyakomesha. Rahula anamjazia pengo hilo kwa kurasa zisizofika 200, na mwishoni ameweka tafsiri za maandiko yenyewe, pamoja na orodha ya maneno ya Kipali, lugha ya maandiko hayo, na maana zake.

Kasoro zake zipo. Rahula ni wa Theravada, madhehebu ya Sri Lanka, Myanmar na Thailand, kwa hiyo Zen hutaipata humo. Sura inayokanusha kuwapo kwa nafsi ya kudumu ni nzito, na Mkristo au Mwislamu ataisoma akijua kabisa kwamba hapo njia zinaachana. Naona ni vizuri Rahula amelisema waziwazi bila kulifunikafunika.

Ukimaliza hicho, chukua "Zen Mind, Beginner's Mind" cha Shunryu Suzuki. Huyu ni padri wa Soto, mojawapo ya madhehebu ya Zen ya Japani, aliyefika San Francisco mwaka 1959 kuhudumia hekalu la Wajapani waishio huko. Vijana wa Kimarekani wakaanza kumfuata asubuhi kukaa naye katika tafakuri, na kutokana nao kikazaliwa kituo cha San Francisco Zen Center. Kitabu hakukiandika kwa mkono wake. Ni mazungumzo aliyowapa wanafunzi wachache huko Los Altos, yakarekodiwa, kisha yakahaririwa zaidi na mwanafunzi wake Trudy Dixon, aliyeifanya kazi hiyo akiwa anaugua saratani. Dixon alifariki mwaka 1969, kitabu kikatoka 1970, na Suzuki mwenyewe akafariki 1971. Nikikisoma huwa namkumbuka yule mama aliyepanga sentensi hizi huku mwili ukimwishia.

Somo la kwanza ni mkao. Anakuelekeza mkono wa kushoto uweke juu ya wa kulia, vidole vya kati vikutane, na ncha za vidole gumba ziguse kidogo tu, kana kwamba umeshika karatasi katikati yake. Nilijaribu. Ukisinzia, gumba zinaanguka. Ukiwa na hasira au wasiwasi, zinabanana. Maelezo hayo ya mistari michache yalinifaa kuliko saa nzima za programu za simu zenye muziki wa maji yanayotiririka.

Kuna mahali anasimulia farasi wa aina nne wanaotajwa katika maandiko. Aliye bora hukimbia kabla hajaona kivuli cha mjeledi. Wa pili hukimbia mjeledi ukikaribia ngozi. Wa tatu mpaka aumie. Wa nne mpaka maumivu yafike kwenye uboho. Kila msomaji anatamani kuwa yule wa kwanza, na Suzuki anajua. Anasema huenda farasi wa nne ndiye mwenye thamani kuliko wote, kwa sababu anayetaabika kukaa ndiye anayeufikia uboho wa Zen. Mahali pengine anazungumzia mawazo yanayozuka ukiwa umekaa: ukitaka kumdhibiti kondoo au ng'ombe wako, mpe malisho mapana. Usipigane na mawazo, yaache yapite, uyatazame. Ni kitabu chepesi kwa lugha, ila kinajizungushazungusha, na ukikisoma kwa haraka utadhani amesema jambo moja mara thelathini. Sura moja kwa siku inatosha.

Kwa mtu aliyeamua kukaa kweli, "The Three Pillars of Zen" cha Philip Kapleau hakina mpinzani. Kapleau alikuwa mwandishi wa kumbukumbu za mahakama katika kesi za wahalifu wa kivita kule Nuremberg, Ujerumani, kisha Tokyo. Mwaka 1953 alirudi Japani kujifunza Zen, na mwaka 1966 akaanzisha kituo chake Rochester, jimbo la New York. Stadi yake ya mahakamani inaonekana kitabuni, maana ameandika mazungumzo ya faragha kati ya mwalimu Yasutani na wanafunzi wa Kimagharibi, swali kwa jibu. Yupo anayelalamika magoti yanamuuma, yupo anayelia, yupo anayetaka kujua lini ataamka, yaani lini atauona ukweli ambao Zen inautafuta. Kabla ya kitabu hiki, kilichotoka 1965, msomaji wa Magharibi alikuwa anasoma sifa za Zen bila kuambiwa ni nini hasa hufanyika ndani ya chumba. Humu unaelekezwa kuhesabu pumzi moja mpaka kumi, ukipotea urudi mwanzo, na kuna michoro ya namna ya kukaa, hata juu ya kiti kwa asiyeweza kukunja miguu.

Sehemu inayonipa wasiwasi ni simulizi za watu waliopata mwamko. Zinagusa sana, lakini zinamfanya msomaji akae akisubiri radi imshukie. Mtu ambaye bado hajaweza kutulia dakika kumi anaanza kujiuliza mbona yeye hapati. Ningekuwa namwelekeza mdogo wangu, ningemwambia sehemu hiyo aiache kwa mwaka mzima.

Kuna jambo jingine ambalo wapendekezaji wengi hulipita kimya. Mwaka 1997 Brian Victoria, naye padri wa Soto, alitoa "Zen at War", akionyesha kwa maandishi yao wenyewe jinsi walimu wengi wakubwa wa Zen walivyounga mkono vita vya Japani katika miaka ya 1930 na 1940. Harada, mmoja wa walimu wa Kapleau, yumo, na katika maandishi mengine Victoria anamfikia Yasutani pia. Si kitabu cha kufurahisha, na kimeandikwa kwa ukali. Hata hivyo kilizaa matunda, maana baada ya kutafsiriwa kwa Kijapani, baadhi ya madhehebu yalitoa tamko la kuomba radhi. Nakiweka kwenye orodha bila kusita. Mwalimu anaweza kukufundisha kuhesabu pumzi vizuri kabisa, na papo hapo akambariki askari anayekwenda kuua. Ndiyo maana nasisitiza mtu awe ameshasoma habari za Sigala na ile amri ya kutoua kabla hajapiga magoti mbele ya mwalimu yeyote.

"Zen in the Art of Archery" cha Mjerumani Eugen Herrigel, cha mwaka 1948, ni kifupi na kitamu, ila nisingekipendekeza peke yake. Herrigel alifundisha falsafa Sendai, Japani, kati ya 1924 na 1929, akijifunza upinde kwa Awa Kenzo. Mtafiti wa Kijapani Yamada Shoji alichunguza habari zake akaonyesha kwamba Awa hakuwa na mafunzo ya Zen, na kwamba matukio mawili yanayosifiwa zaidi kitabuni ama yalitokea wakati hapakuwa na mkalimani, ama Herrigel aliyaelewa vibaya kwa sababu mkalimani alitafsiri kwa uhuru mno. Herrigel alijiunga pia na chama cha Nazi mwaka 1937. Kisome kama kumbukumbu za Mjerumani mmoja na upinde wake.

Alan Watts, mzaliwa wa Kent, ana kalamu tamu kuliko wote hawa. Nusu ya kwanza ya "The Way of Zen" (1957), inayoeleza jinsi mawazo ya India yalivyokutana na ya Watao, wafuasi wa falsafa ya kale ya Tao, kule China, bado ni nzuri. Kuhusu kukaa hana mengi ya kukufaa. Mikusanyo ya hadithi za Zen nayo ni mizuri ukiwa na msingi. Kuna ile ya Zhaozhou, mwalimu wa Zen wa China ya kale, ambapo mtawa mgeni anaomba mafundisho. Anaulizwa, umeshakula uji? Anajibu, nimeshakula. Anaambiwa, basi kaoshe bakuli lako. Mtawa akaelewa. Ukiisoma kama kitendawili utahangaika bure. Ukiwa umewahi kuishi mahali penye zamu za kuosha vyombo, utaisikia vingine.

Kwa mwenye watoto, zamu za usiku na mkopo wa nyumba, nampa "The Miracle of Mindfulness" cha Thich Nhat Hanh, Mvietinamu aliyefariki mwaka 2022. Kilianza kama barua ndefu kwa mwenzake wa shule ya vijana waliokuwa wakijenga upya vijiji wakati wa vita, yeye mwenyewe akiwa uhamishoni. Humo anamweleza rafiki yake Mmarekani aliyekuwa akila chenza huku akipanga mambo ya baadaye: anachambua kipande, anakitia mdomoni, na kabla hajakitafuna mkono umeshachukua kingine. Kumbe alikuwa hali chenza, alikuwa anakula mipango. Wenzangu wa hospitalini wamekipenda hiki kuliko vyote, na ni rahisi kukisoma kwenye basi.

Kuhusu fedha: Rahula na Suzuki nunua, vinapatikana kwa bei nafuu hata vikuukuu, na utavirudia. Thich Nhat Hanh mnunulie na mwenzako. Herrigel, Watts na Victoria azima maktaba. Aliye London anaweza kwenda Buddhist Society, Eccleston Square, karibu na stesheni ya Victoria. Chama hicho kipo tangu 1924 na kina maktaba yake. Aliye Dar es Salaam lipo hekalu la Wabudha Upanga lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka, na Uganda kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Huko utakutana na Ubudha wa akina Rahula. Kapleau ni kinene na bei yake imechangamka, kwa hiyo kiazime kwanza. Ukifika katikati na bado unakaa kila asubuhi, tafuta toleo la mwaka 2000 ulinunue.