Chokoleti ipi ununue kwa trafuli za machungwa ya Muheza

Msimu wa machungwa ya Muheza ukifika, watu wanaojua kwamba natengeneza trafuli hunipigia simu na swali lilelile: ninunue chokoleti gani? Kuhusu matunda hawaulizi, na wana haki. Machungwa tunayo, pasheni na nanasi tunazo, na embe zikianza kudondoka hatujui tuzipeleke wapi. Kinachoharibu trafuli nyingi za nyumbani hapa Tanga ni chokoleti iliyonunuliwa bila pakiti yake kusomwa.

Kwa asiyezijua, trafuli ni vidonge laini vya chokoleti, kimoja kinaingia mdomoni mara moja. Asili yake ni Ufaransa, na jina limetokana na uyoga wa thamani unaochimbwa ardhini, kwa kuwa kidonge kikishaviringishwa kwenye unga wa kakao kinafanana nao. Ndani ni ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa kwa krimu ya moto. Hakuna mayai, hakuna unga wa ngano, hakuna kuoka. Kwa hiyo chokoleti haina pa kujificha. Kwenye keki unaweza kuifunika kwa sukari na vanila. Kwenye trafuli unaila yenyewe.

Kabla sijazipanga chokoleti kwa namba, ya kwanza hadi ya tano, tuzungumze kuhusu joto, kwa sababu ndilo linaloamua mengi pwani. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili. Utamu wote wa chokoleti umo humo: inakaa ngumu mkononi, ikifika ulimini inaachia. Lakini mchana wa Februari, kaskazi ikivuma, Tanga hufika nyuzi 32 kivulini, na chokoleti ya maziwa hulegea hata kabla ya hapo. Ndiyo maana viwanda vingi huondoa mafuta ya kakao na kuweka mafuta mengine ya mimea, kama ya kokwa za mchikichi, ambayo ni rahisi na yanavumilia joto. Bidhaa hiyo sisi wapika keki tunaiita kompaundi. Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani baada ya mavuno mabaya Ghana na Kodivaa, na kishawishi cha kubadilisha mafuta kikaongezeka. Pakiti uliyoizoea kabla ya hapo, isome upya.

Namba moja kwangu, bila kusita, ni chokoleti nyeusi yenye kakao kati ya asilimia 55 na 65. Sababu ni machungwa yenyewe. Harufu ya chungwa haipo kwenye maji yake, ipo kwenye ganda, katika vifuko vidogo vya mafuta vinavyokurushia usoni unapolimenya. Chokoleti nayo ni mafuta. Mafuta hupokea mafuta, ndiyo maana ganda lililokwanguliwa likilowekwa kwenye krimu ya moto huachia harufu yote na ganashi ikabaki imetulia. Juisi, ambayo karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji, huleta ugomvi: matone machache yakiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka yenyewe, inaganda na kuwa kama uji wenye mabonge, ukiyamwaga kwenye krimu, asidi huikata. Kakao ya asilimia 60 ina uchungu wa kutosha kusimama na chungwa. Ikifika 80, mgeni wa kawaida anakunja uso na hulisikii chungwa tena.

Usiogope kwamba machungwa yetu yana ganda la kijani. Ni usiku wenye baridi unaolifanya ganda lipoteze kijani chake, na Muheza haina baridi hiyo. Chungwa linaiva ndani huku nje likiwa kijani, na mafuta ya ganda lake ni makali na safi. Lioshe vizuri kwa maji ya uvuguvugu, likwangue upande laini wa kikwangulio, na uishie kwenye rangi. Ukifika kwenye weupe, umefika kwenye uchungu.

Kipimo changu ni hiki: gramu 200 za chokoleti nyeusi, mililita 100 za krimu, kijiko kimoja cha chakula cha siagi, maganda ya machungwa mawili. Chemsha krimu na ganda, funika robo saa, pasha tena, chuja juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, subiri dakika mbili ndipo ukoroge taratibu kutoka katikati. Unapata vidonge kama 25. Ukitaka kuongeza iliki ya milima ya Amani, mbegu za punje tatu tu zilizotwangwa zinatosha.

Sasa dukani. Geuza kibao cha chokoleti usome viungo. Kakao iwe mwanzoni, na mafuta pekee yaliyotajwa yawe ya kakao. Ukiona mawese, mchikichi au mafuta ya mboga bila jina, rudisha. Chini ya sheria za Umoja wa Ulaya chokoleti nyeusi haiwezi kuitwa chokoleti ikiwa na kakao chini ya asilimia 35, lakini 35 ni sukari zaidi kuliko kakao, haikufai hapa. Kisha gawa bei kwa gramu. Tuseme kibao cha gramu 100 ni shilingi 9,000 na pakiti ya gramu 400 ni shilingi 30,000: cha kwanza ni shilingi 90 kwa gramu, ya pili ni 75. Ukubwa wa boksi usikudanganye, maana nimekuta mara nyingi boksi kubwa likiwa na hewa nusu.

Na kibao kikiwa na weupe juu, si ukungu. Kiliyeyuka njiani kikaganda tena, mafuta yakapanda juu. Kwa kula hivyohivyo hakivutii, lakini kwa ganashi kinafaa kabisa kwa kuwa unakiyeyusha tena. Mwombe muuzaji apunguze bei: "Kaka, hii imepigwa jua, nifanyie ya kuondokea." Wengi hukubali.

Tanzania tunalima kakao wenyewe, Kyela mkoani Mbeya na Kilombero mkoani Morogoro, na watengenezaji wa chokoleti wa nje huisifu kwa ladha yake iliyochangamka kama matunda. Ukikutana na kibao kilichotengenezwa nchini kwa kakao hiyo, kichukue hata kama ni ghali kidogo. Ladha hiyo na chungwa ni ndugu wa damu. Shida ni kwamba chokoleti nzuri kwenye maduka ya Tanga ni waja leo waondoka leo: wiki hii ipo, wiki ijayo rafu imejaa biskuti. Mimi huagiza Dar kwa mtu anayesafiri na basi la alfajiri. Anaifunga kwenye kasha la barafu pamoja na chupa mbili za maji yaliyogandishwa, na inafika ikiwa nzima baada ya kilomita zaidi ya 300.

Ya pili ni chokoleti nyeupe ya kweli, kwa ajili ya pasheni. Wengi wanaidharau kwamba si chokoleti. Ya kweli ina angalau asilimia 20 ya mafuta ya kakao, na utamu wake mzito ndio unaoufaa ukali wa pasheni, kama sukari inavyoufaa ukwaju. Ila kati ya zote, hii ndiyo inayoghushiwa zaidi. Isiyo na mafuta ya kakao ni sukari na mafuta tu, nyeupe pe kama chaki. Ya kweli ina rangi ya pembe za ndovu. Chukua pasheni 8, chuja mbegu, chemsha juisi hadi ibaki nusu, upate kama mililita 60. Hapo umeondoa maji umebakiza ladha. Changanya na gramu 300 za chokoleti nyeupe iliyoyeyushwa kwa mililita 40 za krimu. Nyeupe huhitaji kiasi kikubwa hivyo kwa kuwa haina unga wa kakao wa kuikaza, na kwa hali ya hewa yetu usipunguze hata gramu moja.

Ya tatu itawashangaza wapenzi wa chokoleti, kwa sababu si chokoleti: ni unga wa kakao usio na sukari pamoja na maziwa mazito ya kopo. Brazil wanaviita brigadeiro, na si trafuli kwa maana halisi, lakini nimevipanga juu ya vibao vingi kwa sababu vinavumilia meza ya Tanga. Kopo moja la maziwa, vijiko vitatu vya unga wa kakao, kijiko cha siagi, moto mdogo, mwiko bila kupumzika kama dakika kumi hadi mchanganyiko uachane na sufuria. Ukiepua, tia unga wa ubuyu kijiko kimoja. Ubuyu ni tunda kavu tayari, una ukali na hauna maji, na sijaona tunda linalopatana na kakao kwa urahisi kama hili. Kwa mtoto wa shule anayetaka kuuza vidonge, au kwa sinia la Idi litakalokaa barazani saa mbili, hii ndiyo ningemnunulia. Hakikisha tu ni unga wa kakao mtupu. Ule wa kunywa umejaa sukari, na vidonge vyake huwa vitamu hadi koo linawasha.

Chokoleti ya maziwa, ile ya vibao vya kawaida vya supamaketi, naiweka ya nne. Ni rahisi kuipata na watoto wanaipenda, lakini ni laini tangu mwanzo na utamu wake huzima matunda mengi. Ndizi mbivu na nazi inazipokea vizuri. Nanasi pia, mradi ulipike kwanza: nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa na kuacha uchungu.

Ya tano ni kompaundi, na hapa nataka nieleweke. Ndani ya trafuli, hapana. Mwaka niliotengenezea harusi ya mdogo wangu niliuziwa kompaundi kwa jina la chokoleti. Nilikuwa sijajifunza kusoma pakiti. Ganashi ilishika vizuri, ikang'aa, na ilipofika mdomoni ikabaki imeganda kwenye kaakaa kama mshumaa. Vidonge 200. Wageni walikula kwa adabu. Tangu hapo naisoma kila pakiti, hata ya duka ninalolijua.

Nje ya trafuli, kompaundi ina kazi yake. Chokoleti ya kweli ikitumika kama ganda la nje inahitaji kupozwa na kupashwa kwa vipimo: nyeusi ishuke hadi nyuzi 27 au 28 kisha irudi 31, na chumba kiwe na baridi. Jikoni kwangu, bila kiyoyozi, nyuzi 27 ni saa kumi za usiku. Kompaundi unaiyeyusha, unachovya, inaganda yenyewe. Ila usiichanganye na chokoleti ya kweli kwenye bakuli moja ukidhani unabana matumizi, kwa sababu mafuta hayo mawili yakikutana hulainishana na vidonge havitakauka. Mimi siku hizi naviringisha kwenye unga wa kakao tu.

Chokoleti ya kupaka mkate sitaipa namba. Ina mafuta ya maji mno, haishiki.

Krimu nayo inanunuliwa kwa macho. Tafuta ya maziwa yenye mafuta asilimia 35. Ile ya mboga ya kupambia keki ina sukari tayari na itakuharibia hesabu. Ukiikosa, tui zito la kwanza, lililokamuliwa kwa maji kidogo sana, linafanya kazi hiyo na kwa embe nalipenda kuliko krimu. Na ukinunua vibao au rojo za kuongeza ladha ya matunda kutoka nje, angalia kama kuna pombe ndani. Trafuli nyingi za Ulaya huwekwa pombe ya machungwa, na kwenye pakiti huandikwa kwa herufi ndogo. Ganda la chungwa la Muheza linatosha.

Mwenye uwezo wa kuchagua wakati, anunue na atengeneze Juni hadi Agosti, kusi ikipoza mji. Mwenye shughuli Januari au Februari, afanye kazi baada ya isha, na aviringishe vidonge mikono ikiwa imepozwa kwa maji baridi kisha ikafutwa ikauka kabisa. Viweke frijini kwenye kopo lenye mfuniko, karatasi chini na juu, visilowe jasho la friji na kutoa madoa ya sukari. Vya matunda na tui viliwe ndani ya wiki. Miezi ya kusi, vitoe dakika kumi na tano kabla wageni hawajaketi. Miezi ya kaskazi, dakika tano, na sinia likae mbali na dirisha.