Saa za Kifahari za Kuzamia kwa Matumizi ya Kila Siku: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Mtwara na Lindi

Mnunuzi wa saa ya kuzamia huonyeshwa kwanza namba ya kina iliyoandikwa usoni mwa saa, mita 200 au mita 300, na muuzaji huitaja namba hiyo kana kwamba ndiyo inayobeba bei yote. Kwa mtu anayevaa saa yake bandarini Mtwara, kwenye ghala la korosho au ndani ya basi la kwenda Masasi, namba hiyo haina uzito mkubwa. Kinachoharibu saa katika mwambao huu wa kusini ni chumvi ya hewani, jasho la miezi ya joto kabla ya mvua, vumbi jekundu la barabara za ndani, na umbali uliopo kati ya mwenye saa na karakana inayoweza kuifungua na kuifunga tena kama ilivyokuwa. Mpangilio uliomo humu umefuata vigezo hivyo, ndiyo maana saa yenye jina kubwa kuliko zote haikushika nafasi ya kwanza.

Hata hivyo, namba ya kina isipuuzwe. Saa iliyoandikwa mita 30 si saa ya kushuka nayo mita 30; hiyo hustahimili matone ya mvua na kunawa mikono, basi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6425 kinataka saa ya kuzamia ifike angalau mita 100, ipimwe kwa mgandamizo unaozidi kwa asilimia 25 ule ulioandikwa, istahimili maji ya chumvi, isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, na iwe na kipimo cha muda kisichosogea kwa bahati mbaya. Sharti hilo la mwisho ndilo lililoleta pete ya pembeni inayozunguka upande mmoja tu: ikigongwa na kusogea, muda uliopita huonekana mrefu kuliko ulivyo, na mzamiaji hupanda juu mapema badala ya kuchelewa. Kwa asiyezamia, pete hiyo hupima muda wa wali jikoni, au dakika ambazo dereva ametoa kwa abiria kula Nangurukuru, na ukishazoea kuitumia utajikuta unaitazama kuliko mshale wa sekunde.

Nafasi ya kwanza ninaipa Tudor Pelagos 39, iliyotoka mwaka 2022. Sababu kubwa ni madini yake. Imetengenezwa kwa titani, ambayo ina uzito unaokaribia nusu tu ya ule wa chuma cha pua na haishambuliwi na maji ya bahari kwa joto la kawaida. Chuma cha pua cha kawaida cha 316L ni kizuri, lakini chumvi ikikaa muda mrefu mahali pasipopata hewa, kwa mfano kati ya pingili za mkanda au chini ya mfuniko wa nyuma, huanza kukitoboa vitundu vidogo ambavyo havionekani mpaka saa ifunguliwe. Vua saa ya chuma baada ya wiki moja ya kwenda na kurudi kwa kivuko cha Msangamkuu, uitazame juani: utaona mstari mweupe umejipanga pale pete inapokutana na mwili wa saa, na kwenye pingili utakuta uji wa kijivu wa jasho, vumbi na chumvi. Titani nayo hukusanya uchafu huo, ila haidhuriki nao. Aidha, watu ambao ngozi huwawasha kwa sababu ya nikeli iliyomo kwenye chuma hupata nafuu wakivaa titani.

Pelagos 39 ina upana wa milimita 39, inafika mita 200, na mtambo wake hubaki na nguvu kwa saa 70, kiasi kwamba ukiivua Ijumaa jioni utaikuta bado inatembea Jumatatu asubuhi. Haina dirisha la tarehe, jambo ambalo wengine huliona kuwa upungufu lakini mimi naliona kuwa faida: mwenye saa zaidi ya moja hahangaiki kurudisha tarehe kila saa inaposimama. Kifungio chake hurekebishwa kwa mkono bila kifaa chochote, na kwa joto letu mkono hunenepa mchana na kupungua usiku, kwa hiyo mkanda uliokaa vizuri asubuhi huweza kubana ifikapo saa nane. Huuzwa pamoja na mkanda wa ziada wa mpira. Dosari yake ni kwamba titani hupata mikwaruzo upesi kuliko chuma, na rangi yake ya kijivu iliyofifia haimvutii anayetaka saa yake ing'ae harusini.

Anayetaka kung'aa achukue ya pili, Tudor Black Bay 58, iliyoanza kuuzwa mwaka 2018. Hii ni ya chuma, nayo ina milimita 39, mita 200 na saa 70 za nguvu, na unene wake wa chini kidogo ya milimita 12 huiwezesha kuingia chini ya mkono wa shati au wa kanzu bila kukwama. Pete yake ina alumini, ambayo hufifia rangi kwa jua la miaka mingi. Wakusanyaji wengi hupenda kufifia huko, ila asiyependa ajue mapema. Wenye mikono myembamba, wanawake kwa wanaume, watazame pia Black Bay 54 ya mwaka 2023, yenye milimita 37. Kwa bei rasmi ya kampuni saa hizi mbili na Pelagos 39 hukaribia nusu ya bei ya Rolex Submariner, ilhali Tudor na Rolex zote zilianzishwa na mtu mmoja, Hans Wilsdorf.

Ya tatu ni Omega Seamaster Diver 300M. Ilizaliwa mwaka 1993, ikapata umaarufu kwenye mkono wa James Bond kuanzia 1995, na mwaka 2018 ikatengenezwa upya ikiwa na uso wa kauri uliochorwa mawimbi. Kwa ubora wa mtambo peke yake, hii ingekuwa ya kwanza. Inastahimili sumaku ya gausi 15,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na hilo si jambo dogo kwa mtu anayelaza saa yake usiku juu ya spika ya redio au karibu na simu yenye kava la sumaku, kwa maana saa ya springi ikishikwa na sumaku huanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku na mwenyewe hudhani imeharibika. Kilichoishusha ni ukubwa wake wa milimita 42, uzito wake ikiwa na mkanda wa chuma, na kile kifundo cha pili kilichochomoza upande wa juu kushoto. Kifundo hicho hutoa gesi ya heliamu kwenye saa za wazamiaji wanaoishi siku nyingi ndani ya vyumba vyenye mgandamizo mkubwa. Kwa mwalimu wa sekondari au mhasibu wa chama cha ushirika ni mahali pengine tu pa chumvi kujificha. Ukiichagua, chukua yenye mkanda wa mpira.

Rolex Submariner imeshika nafasi ya nne, na najua wapo watakaokasirika. Kama chombo, haina mpinzani mkubwa: toleo lisilo na tarehe la mwaka 2020 lina milimita 41, linafika mita 300, limetengenezwa kwa chuma cha 904L kinachostahimili chumvi kuliko 316L, lina pete ya kauri isiyofifia, na kiwandani hupimwa mpaka mwendo wake usizidi wala kupungua sekunde 2 kwa siku. Ingekuwa ni saa ya kupewa, ningeiweka ya kwanza. Tatizo ni kuinunua na kuivaa. Mawakala rasmi huuza kwa orodha ya kusubiri, na mnunuzi asiye na historia nao huishia kwenye soko la mitumba, ambako ndiko saa bandia zilikojaa. Submariner ni miongoni mwa saa zinazoigwa sana duniani, na baadhi ya hizo bandia zimetengenezwa kwa ustadi kiasi cha kuhitaji kufunguliwa ili zijulikane. Anayekuambia “bosi wangu, hii orijino kabisa” huku akiitoa mfukoni hajakupa ushahidi wowote. Zaidi ya hayo, jina linalotambuliwa na kila mtu huvuta macho usiyoyataka stendi usiku. Kinyume chake pia ni kweli, na kinachekesha: mitaani kumejaa Rolex za elfu ishirini kiasi kwamba wengi watakaoiona yako ya kweli wataidhania kuwa mojawapo ya hizo.

Ya mwisho katika daraja hili ni Blancpain Fifty Fathoms. Ilitoka mwaka 1953, mwaka uleule wa Submariner, kwa juhudi za Jean-Jacques Fiechter, mkuu wa kampuni hiyo ambaye mwenyewe alikuwa mzamiaji, na ikachukuliwa na wazamiaji wa jeshi la Ufaransa. Jina lake linataja pima 50, sawa na takriban mita 91. Toleo lake la kawaida la milimita 45 hubaki na nguvu kwa siku tano, ni zuri ajabu, na ni kubwa mno kwa kazi za kila siku. Hiyo ni ya mkusanyaji aliyekwisha kumaliza mahitaji yake.

Nje ya orodha ya kifahari, yeyote anayenunua moja kati ya hizo tano aongeze Seiko Prospex au Citizen Promaster inayochajiwa kwa mwanga. Seiko ilitengeneza saa yake ya kwanza ya kuzamia mwaka 1965 na haijaacha tangu hapo. Citizen hiyo haihitaji kubadilishiwa betri, kwa hiyo haifunguliwi mara kwa mara, na saa isiyofunguliwa ni saa isiyovuja. Hiyo ndiyo ya kwenda nayo kuogelea Msimbati, kubeba magunia msimu wa korosho, au kusafiri usiku. Watu wengi huanza kukusanya kwa kununua tano za aina moja zinazotofautiana rangi ya uso. Saa mbili zenye kazi tofauti humtosheleza mtu kwa miaka mingi, na ya tatu ikija itakuja kwa sababu inayoeleweka.

Katika kununua, gharama ya saa si bei yake pekee. Saa mpya inayoingizwa nchini hutozwa ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, na stakabadhi ya malipo hayo itunzwe pamoja na kadi ya dhamana, kwa kuwa mnunuzi atakayekuja baada yako ataiulizia. Rolex, Tudor na Omega hutoa dhamana ya miaka mitano. Ukinunua iliyotumika, dai ipimwe mgandamizo mbele yako kabla hujatoa fedha, linganisha namba iliyochorwa kwenye saa na ile ya kwenye kadi, na uikwepe iliyosuguliwa mpaka kingo zake zimekuwa butu, kwani chuma kilichokwisha kusuguliwa hakirudi na thamani hushuka nacho.

Matunzo ni mepesi, ila yanataka mazoea. Kila ikitoka baharini, au jioni ya siku ya jasho jingi, isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi huku pete ikizungushwa, na mkanda usuguliwe kwa mswaki laini. Kifundo cha kurekebishia saa kikazwe hesi zake mpaka mwisho. Maji mengi huingia kwa mwenye saa aliyerekebisha saa asubuhi akasahau kukikaza. Dawa za kufukuza mbu zipakwe saa ikiwa imevuliwa, kwa sababu zile zenye kemikali iitwayo DEET huharibu plastiki na baadhi ya mipira. Mkanda wa ngozi huku kwetu huoza. Raba za kuzuia maji huzeeka hata saa ikikaa kabatini, hivyo uzuiaji wake wa maji upimwe kila mwaka na mwenye kifaa, hata kama hilo litasubiri safari ya Dar es Salaam.

Mafundi wa vibarazani sokoni hufanya kazi nzuri ya kubadilisha betri na kupunguza pingili za mkanda, lakini mfuniko wa nyuma wa saa hizi hukazwa kwa hesi na hudai ufunguo wake maalumu, raba mpya na mtambo wa kupimia. Kwa hiyo kwa kawaida wasiifungue. Ipo hali moja tu inayovunja kanuni hiyo, nayo ni maji ya bahari kuingia ndani. Ukungu mdogo unaotokea chini ya kioo baada ya kutoka juani na kuingia kwenye kiyoyozi, kisha ukatoweka, unaweza kusubiri vipimo. Matone yanayoonekana baada ya kuzama hayasubiri, kwa kuwa chumvi huanza kula chuma cha mtambo ndani ya siku chache, na kifurushi kinachokwenda nje ya nchi hakifiki kwa wakati huo. Hapo mtafute fundi mwenye mkono mtulivu, afungue mfuniko, akaushe kwa hewa asiyoipasha moto, asiguse kitu kingine chochote, kisha uitume saa karakana siku hiyohiyo ukiambatanisha maelezo ya nani aliifungua na lini.