Rekodi imefungwa SAP: ufute kufuli au ufunge kikao?

Saa kumi jioni, mwisho wa mwezi. Mhasibu anafungua oda ya ununuzi, SAP (programu ya kuendeshea shughuli za kampuni) inamwambia kuna mtu mwingine anaishughulikia. Huyo mwingine kaenda kuswali, kompyuta kaiacha wazi. Simu zinaanza kuita kwa mtu wa IT.

Njia ya kwanza ni SM12, skrini ya SAP inayoorodhesha kufuli, yaani alama zinazozuia wawili kubadili rekodi moja kwa wakati mmoja: unatafuta kwa jina la mtumiaji, unaiona kufuli, unaifuta. Ni sekunde chache, ndiyo maana wengi huikimbilia. Lakini kufuli ikiondoka, kikao cha yule jamaa (muunganisho wake na SAP) bado kiko hai na skrini yake haijui lolote. Akirudi akahifadhi, anaweza kuifunika kazi ya mhasibu bila yeyote kuonywa.

Njia ya pili ni SM04, orodha ya walioingia kwenye seva: unakifunga kikao chenyewe, na kufuli zake zinaachiliwa. Kama mna seva kadhaa, AL08, orodha ya watumiaji wa seva zote, itakuonyesha yuko kwenye ipi. Atapoteza alichokuwa hajahifadhi, kwa hiyo mpigie kwanza. (Atalalamika, mwache alalamike.) Mimi huanzia hapa karibu kila mara.

SM12 naiweka kwa kufuli yatima tu, ile ambayo kikao chake hakipo tena, mathalani programu ilipokatika ghafla. Hata hapo pitia SM13 kwanza, skrini ya mabadiliko ambayo bado hayajaandikwa kwenye hifadhidata: kama kuna usasishaji unaosubiri, kufuli hiyo ndiyo inayoulinda, na ukiifuta hesabu ya stoo itakushangaza kesho asubuhi.