Dawa za Madoa ya Zulia: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiache Dukani

Kabla hujatoa hela, geuza pembe ya zulia lako, chomoa uzi mmoja kwa nyuma, ushike kwa koleo na uende nao nje uuchome kwa kiberiti. Uzi ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, una sufu. Ukiyeyuka na kuganda kama shanga ngumu, ni plastiki, yaani polipropilini au poliesta, na mengi yanayouzwa Kariakoo kwa jina la Uturuki ni ya aina hiyo. Plastiki hainywi maji, kwa hiyo chai na juisi huitoka kirahisi. Mafuta ndiyo yanayoing'ang'ania. Sufu inakunywa kila kitu. Tone la hina ya harusi likiangukia sufu, zoea kuliona, maana hina huishika sufu kama inavyoshika nywele.

1. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na taulo mbili nyeupe. Ni nafuu kuliko vyote vinavyofuata na inamaliza madoa mengi ya sebuleni, hasa ya mafuta. Kijiko kimoja cha chai kinatosha nusu lita ya maji. Loweka taulo, kamua, kandamiza kuanzia ukingoni mwa doa kuingia katikati, kisha rudia kwa taulo yenye maji matupu. Usisugue. Damu, maziwa na yai vinataka maji baridi tu, kwani ya moto huvigandisha ndani ya nyuzi. Taulo ziwe nyeupe kwa sababu taulo ya rangi hukuongezea doa la pili. Sabuni ya unga siipendi kwa kazi hii: povu lake haliishi, na linalobaki ndani hunasa vumbi, wiki ijayo palepale uliposafisha pamekuwa peusi kuliko kwingine.

2. Siki nyeupe. Hii nilijifunza kwa aibu. Idi moja mtoto wa dada yangu alipindua bakuli la mchuzi wa samaki juu ya zulia langu la rangi ya maziwa. Nikawahi na sabuni ya unga. Doa la njano likageuka jekundu kama damu, mama mkwe yuko kwenye kochi anatazama, hasemi kitu. Kumbe binzari ikikutana na ukali wa sabuni hubadilika rangi. Siki iliyochanganywa na maji ikairudisha kuwa njano, na jua la siku tatu uani likaifuta, kwa sababu rangi ya binzari haistahimili jua. Siki hiyohiyo hukata harufu ya mkojo wa mtoto. Nunua isiyo na rangi, siyo ile ya kahawia.

3. Haidrojeni peroksaidi, ya duka la dawa. Ni kwa damu iliyokauka na juisi nyekundu kwenye zulia la rangi nyepesi. Omba ya asilimia 3. Wakikupa ya 6, ongeza maji kiasi kilekile. Iwe kwenye chupa nyeusi au ya kahawia, maana mwanga huiua. Inaweza kupausha rangi, kwa hiyo ijaribu kwanza sehemu iliyofichwa na kochi.

4. Mashine ya kufyonza vumbi. Zulia lako likipita mlangoni na una ukuta wa kulianika na fimbo ya kulipiga, hela hiyo ifanyie kitu kingine. Likiwa limetandikwa ukuta kwa ukuta, basi ipande iwe namba moja. Mwenye zulia la manyoya marefu achague mashine ambayo brashi yake ya kuzunguka inazimika, la sivyo nyuzi zitajisokota humo hadi mota inuke.

5. Povu la kopo. Kwa sehemu kubwa ni sabuni iliyovalishwa suti. Linafaa kwa mgeni anayebisha hodi sasa hivi. Bekingi soda nayo, kama huna mashine ya kuifyonza, iache jikoni kwenye maandazi.

Jiki usiilete karibu na zulia. Inayeyusha sufu, inakula rangi, na ikikutana na siki au mkojo hutoa hewa ya sumu. Mafuta ya taa pia hapana: hulainisha gundi iliyoshika mgongo wa zulia, achilia mbali hatari ya moto.

Kuna na vijana wa kuosha magari, ambao siku hizi huosha mazulia pia. Kwa plastiki nyepesi wanafaa sana. Muulize kijana swali moja tu: unalianika wapi? Akikuonyesha ukuta ulio juani, mwachie. Akisema atalikunja ukaanike mwenyewe nyumbani, na ni masika, ondoka nalo. Zulia lililokaa na unyevu huota uvundo usiotoka, na lenye mgongo wa juti, yaani nyuzi za magunia, hupandisha maji ya kahawia juu likikauka polepole, ukadhani halikuoshwa.

Mwisho ni ile alama nyeusi ya kaa lililoruka kutoka kwenye chetezo cha udi. Muuzaji atakuuzia dawa yake, lakini hilo si doa, ni nyuzi zilizoyeyuka au kuungua. Kata ncha ngumu kwa mkasi mdogo, kisha usogeze meza.